Shimo la maegesho laweza kukuvunja nyonga

Ndugu msomaji, hebu fikiria nyanya wa miaka 70 anayeshuka garini nje ya duka kubwa, siku ya mwisho wa mwezi. Usiku mvua ilinyesha. Mbele yake pana dimbwi la maji ya matope ambalo halionyeshi kina chake. Magari yameegeshwa shaghalabaghala kwa sababu mistari ilifutika zamani, na kwa hiyo hana pa kupita ila ukingoni mwa dimbwi hilo. Mguu mmoja unatumbukia, anaanguka kwa ubavu na hawezi kuinuka. Hospitalini, picha ya eksirei inaonyesha kwamba nyonga imevunjika. Alikuja kununua unga na sukari, na sasa anangoja upasuaji.

Jamaa zake watasema ni bahati mbaya. Lakini je, ni bahati mbaya kweli? Shimo lile lilianza kama ufa mwembamba ambao ungezibwa kwa lami kidogo. Mistari nayo ingerudishwa kwa mikebe michache ya rangi. Ajali nyingi za maegeshoni huanza hivyo: jambo dogo linaachwa hadi linakuwa kubwa. Wahenga walitwambia zamani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huenda wewe ni mwenye duka, msimamizi wa zahanati, mwanakamati wa kanisa au msikiti, au mteja tu anayepita. Yafaa ujue jinsi uwanja wa magari unavyoweza kulinda afya ya watu, na jinsi unavyoweza kuiharibu.

Ni nani wanaoumia?

Wazee ndio huumia vibaya zaidi. Kadiri umri unavyosonga, mifupa hupungukiwa na madini na kuwa miepesi, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Kuanguka ambako kijana angejipangusa vumbi na kuendelea na safari kwaweza kumvunja mzee nyonga au kifundo cha mkono. Mzee aliyevunjika nyonga akilala kitandani muda mrefu, hupatwa na vidonda vya mgongoni, nimonia, au damu kuganda miguuni. Wengine hawarudi tena kutembea kama zamani.

Kundi la pili ni watoto. Mtoto mdogo akisimama nyuma ya gari, dereva hamwoni katika kioo hata akitazama kwa makini. Gari la maegeshoni huenda polepole, lakini uzito wake ni ule ule. Iwapo hakuna njia iliyochorwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, mama na watoto wake hulazimika kupenya katikati ya magari yanayorudi nyuma.

Kundi la tatu ni wafanyakazi: walinzi, wasukuma toroli, na vijana wanaowaongoza madereva kwa mikono. Hao hukaa uwanjani kutwa nzima, na kila hatari iliyopo hapo huwapata wao kwanza.

Maji ndiye adui mkuu

Ili uelewe jinsi shimo linavyozaliwa, tazama kilicho chini ya lami. Chini kuna tabaka la mawe na kifusi lililoshindiliwa. Lami iliyo juu ni kama paa: huzuia maji yasifike chini. Jua likiikausha lami kwa miaka mingi, hupasuka. Maji hupenya katika ufa na kulainisha kifusi. Gari likipita, kifusi husogea, lami hubaki bila kitu cha kuishikilia, kisha humeguka. Mvua moja kubwa yatosha kugeuza ufa kuwa shimo.

Mafuta ya injini na dizeli huongeza madhara. Huyeyusha lami polepole na kuifanya iwe tepetepe. Isitoshe, doa la mafuta huteleza mno mvua ya kwanza inaponyesha. Likionekana, limwagiwe mchanga au vumbi la mbao linyonye, lizolewe, kisha mahali hapo pasuguliwe kwa maji ya sabuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyapa maji njia. Uwanja uwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, unaoelekea kwenye mfereji. Mifereji nayo izibuliwe kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei, na tena kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Maji yaliyotuama yana hatari nyingine. Mbu aina ya Anopheles, anayeeneza malaria, hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata maji yaliyobaki katika alama za magurudumu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, huchukua muda wa wiki moja hadi mbili. Basi ukiwa Kisumu, Busia au Kilifi, dimbwi lililokaa wiki mbili mbele ya duka lako laweza kuwa limekwisha kutoa kizazi kizima cha mbu.

Na vipi yale magurudumu makuukuu yanayopakwa rangi nyeupe na kupangwa ukingoni mwa uwanja? Yanapendeza macho, lakini ndani yake maji hujaa. Humo ndimo anamozaliana mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue na chikungunya. Mombasa imepata milipuko ya maradhi hayo: dengue mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Kama ni lazima uyatumie magurudumu hayo, yajaze udongo hadi juu au uyatoboe chini maji yapite.

Jinsi ya kuziba shimo likazibika

Bila shaka umewahi kuona shimo likijazwa kokoto leo, na kesho kutwa limefunguka tena. Tatizo si kokoto bali ni jinsi kazi ilivyofanywa. Fundi anayejua kazi yake hufuata hatua hizi:

1. Hukata kingo za shimo hadi apate lami ngumu, na huzikata wima, mfano wa sanduku. Kingo zilizolala hazishikilii kitu.

2. Hutoa matope na maji yote. Lami haishiki penye maji wala vumbi.

3. Hupaka lami nyepesi chini na kandokando ili kiraka kishikane na lami ya zamani.

4. Hujaza mchanganyiko wa lami na kokoto kwa matabaka, huku akishindilia kila tabaka. Shimo refu lililojazwa kwa mkupuo mmoja hubonyea baadaye.

5. Huacha kiraka kikiwa juu kidogo ya usawa wa uwanja, kwa sababu magurudumu yatakishindilia zaidi. Lakini kisiwe kigongo cha kumkwaza mtu.

Kwa mashimo madogo upo mchanganyiko wa lami unaouzwa ukiwa baridi, usiohitaji moto. Nyufa nazo husafishwa kwa brashi ya waya na kujazwa lami kabla hazijapanuka. Hadi fundi atakapofika, shimo lizungushiwe koni au kamba yenye rangi inayoonekana. Usisimike tawi la mti, maana usiku halionekani.

Mstari ni kinga

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kupigania mistari ya barabarani alikuwa daktari? Mwaka 1917, Dkt. June McCarroll wa Indio, California, nchini Marekani, aliponea chupuchupu baada ya lori kumtoa barabarani. Aliwaendea wakuu wa eneo lake akapendekeza barabara igawanywe kwa mstari. Hawakumsikiliza. Basi akachukua brashi na rangi nyeupe, akapiga mstari wa upana wa inchi 4 kwa mkono wake mwenyewe. Jimbo la California lilikubali wazo hilo mwaka 1924. Mama huyo hakuwa fundi wa barabara. Alifanya kazi ya daktari, ambayo ni kuzuia madhara kabla hayajatokea.

Maegeshoni mstari hufanya kazi hiyo hiyo. Humwambia dereva aishie wapi, na humwachia anayetembea mahali pa kupita. Mstari ukifutika, kila dereva hujitungia sheria yake, na gari la wagonjwa likifika halipati njia.

Nafasi ya gari dogo aghalabu hupimwa mita 2.5 kwa upana na mita 5 kwa urefu. Ikiwa magari yanaingia kwa pembe mraba, njia iliyo baina ya safu mbili iwe na upana wa mita 6 hivi ili mtu aweze kukata kona bila kugonga. Tamaa ya kubana nafasi ili magari yawe mengi huishia kwenye milango kugongana na watu kujipenyeza kwa ubavu.

Kupata pembe iliyo sawa hakuhitaji mashine. Mafundi wa nyumba wanaijua mbinu hii: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Ukipima kati ya ncha hizo mbili ukapata mita 5 kamili, pembe yako ni mraba. Kisha kamba iliyopakwa chaki huvutwa na kuachiliwa ili iache alama, na rangi hufuata alama hiyo.

Uwanja ufagiliwe kabisa na uwe mkavu. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, kama vile Januari na Februari, ndiyo inayofaa. Lami mpya huhitaji kukomaa wiki kadhaa kabla ya kupakwa rangi, la sivyo rangi hupasuka na kubadilika. Fuata maagizo yaliyo kwenye mkebe.

Itumike rangi ya barabarani, si ile ya ukutani. Rangi laini ikilowa huteleza kama sabuni, na mtu anayekanyaga mstari kwa viatu vya ngozi huanguka. Hivyo basi, mchanga safi hunyunyizwa juu ya rangi ikiwa mbichi ili mguu upate pa kushika, hasa kwenye kivuko cha wapita njia. Shanga ndogo za kioo nazo hunyunyizwa ili mstari uakisi taa za gari usiku.

Gharama je? Rangi ya barabarani ikipakwa nene, lita 1 hutosha takriban mita 25 za mstari wenye upana wa sentimita 10. Uwanja wa magari 20 yaliyopangwa katika safu mbili una mistari 22 ya mita 5, yaani mita 110. Hapo zahitajika lita zisizozidi 5 kwa mkono mmoja wa rangi. Linganisha rangi hiyo na gharama ya kuunga nyonga moja, ndugu msomaji, kisha ujiulize kipi ni ghali.

Nafasi ya mwenye ulemavu

Ile alama ya mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmaki, Susanne Koefoed, na sasa hutambulika kote duniani. Lakini kuichora chini hakutoshi. Anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji kufungua mlango wote, kusimamisha kiti kando ya gari, kisha kujihamisha. Upana wa mita 2.5 haumtoshi. Apewe mita 3.6 hivi, na sehemu ya ziada ichorwe mistari ya mshazari ili isiegeshwe gari wala pikipiki. Mahali penyewe pawe tambarare, karibu na mlango, na ukingo wa njia ya miguu uteremshwe ili magurudumu ya kiti yapande bila kunyanyuliwa.

Hili si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Dereva mzima anayeegesha hapo "kwa dakika mbili tu" humlazimisha mwenzake ashukie katikati ya njia ya magari.

Fundi naye asiumie

Uwanja mzuri usigharimu mapafu au ngozi ya aliyeutengeneza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwa kazi hii ni viatu vilivyofunika mguu, glavu, nguo za mikono mirefu, miwani ya kazi na fulana inayong'aa.

Lami ya kuchemshwa hufikia joto la nyuzi 150 na zaidi. Maji yakiingia ndani yake hufura ghafla na kumwagika nje ya pipa, kwa hiyo pipa lisiachwe wazi mvuani. Lisichemshwe kwa kuchoma magurudumu wala plastiki, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Fundi asimame upande upepo unakotoka.

Lami ikimmwagikia mtu, ipoze upesi kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Usiibandue, kwani itaondoka na ngozi. Usiisafishe kwa mafuta ya taa wala petroli. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini. Ikiwa imezunguka kidole au mkono mzima, fanya haraka zaidi, maana ikipoa hukaza na yaweza kuzuia damu isipite.

Rangi nayo ina hatari zake. Mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, hasa katika maegesho yaliyo chini ya jengo. Hewa ipite, na hakuna kuvuta sigara. Mikono isioshwe kwa petroli au thina. Rangi ya manjano ya zamani mara nyingi ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo mistari mikuukuu isikwanguliwe ikiwa mikavu na kutimua vumbi. Ilowanishwe kwanza. Fundi anawe kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Moshi usioonekana

Maegesho ya chini ya jengo yahitaji tahadhari nyingine. Injini hutoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa pumzi mtu akiwa anapumua. Mlinzi anayelalamika kila siku kwamba kichwa kinamuuma akiwa kazini na kupona akiwa nyumbani asidhaniwe mvivu. Mpeleke kwenye hewa safi, amwone daktari, na mashine za kupitisha hewa zikaguliwe. Ukutani paandikwe kwa herufi kubwa: zima injini.

Mtu akianguka mbele yako

Wakenya tuna huruma, na huruma hiyo hutufanya tumnyanyue mara moja aliyeanguka. Ngoja kwanza. Simamisha magari yasimkanyage. Muulize anaumia wapi. Kama ni mzee na nyonga inamuuma, na ukaona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Usimsimamishe wala kumvuta mguu. Mfunike asipate baridi, usimpe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na uite gari la wagonjwa. Aliyegonga kichwa akizirai, akitapika au akichanganyikiwa, apelekwe hospitalini hata kama baadaye anasema amepona. Aliyechomwa na chuma aulizwe iwapo amepata chanjo ya pepopunda.

Wewe mwenye uwanja, usijifiche nyuma ya kibao kinachosema kila mtu anaegesha kwa hatari yake mwenyewe. Sheria inamtaka mwenye mahali awachunge wageni wanaoingia kwa ruhusa yake, na onyo peke yake halitoshi ikiwa halikumwezesha mgeni kuwa salama.

Kagua leo

Chukua daftari utembee uwanjani mwako mara moja asubuhi na mara moja baada ya mvua kunyesha. Andika palipotuama maji, palipo na ufa, mstari usioonekana na taa isiyowaka. Anza na maji, kisha mashimo, halafu mistari, kwa maana ni kazi bure kupaka rangi juu ya lami inayomeguka. Rudia ukaguzi huo kila kabla ya masika na vuli.

Na wewe mteja, mshike mtoto mkono mara tu mlango wa gari unapofunguka. Ukiweza, ingiza gari kinyumenyume ili ukiondoka uwe unatazama mbele. Ukiliona shimo, mwambie msimamizi. Asiposikia, mwambie tena. Atakayepita nyuma yako huenda akawa nyanya yako.